Wafuasi elfu kumi na moja, waliokuja kuzoa taka saba. Tunakosea wapi?

#1 Kijana wa Mfereji (mwanzisha uzi)
Wakuu salaam. Huu mwaka wa pili naendesha kurasa za asasi ndogo ya mazingira hapa Kigogo, tunashughulika na mifereji inayomwaga Mto Msimbazi. Insta tuna wafuasi 11,400, Facebook kama 6,000. Jumamosi iliyopita tuliitisha usafi wa mfereji. Bango limepostiwa wiki nzima, laiki 312, komenti 48 za "tuko pamoja" na "hongereni sana", vimoto kibao.

Saa moja kamili asubuhi nimesimama na makoleo ishirini na glavu boksi mbili. Wamekuja saba. Watatu ni sisi wenyewe wa ofisini. Mmoja mjumbe wa shina, kaja kuuliza kibali. Mmoja kijana kaja kuuliza kama tunaajiri. Waliobaki ni mama mmoja anayekaa ukingoni mwa mfereji na mwanawe, na hao hata hiyo Insta hawana. Walisikia makoleo yanagongana wakatoka.

Nimeanza kuamini mitandao haijengi jamii, inajenga watazamaji. Anayebisha abishe.

#2 Konda Mstaafu
Siti ya dirishani. Nangoja wenye elimu.

#3 Shangazi wa Sinza
Nabisha mie. Mwanangu, hujawahi kuingizwa kwenye kundi la harusi? Hapa Dar unaamka asubuhi umeshaunganishwa "KAMATI YA HARUSI YA FULANI", watu 140, nusu huwajui. Miezi mitatu baadaye zimepatikana milioni kumi na kitu, ukumbi umelipwa, na huyo uliyekuwa humjui mnakaa naye meza moja mnagombea vinywaji. Hiyo si jamii iliyojengwa mtandaoni?

Angalia inavyofanyika. Kila jioni mweka hazina anatupia orodha. Namba, jina, ahadi, kalipa, bado. Ukilipa, jina lako linapata tiki ya kijani na mtu anaandika "asante sana Shangazi, Mungu akuongezee". Usipolipa, jina lako liko pale pale linakukodolea macho kila siku saa mbili usiku. Huwezi kujificha, na huwezi kusahaulika.

Sasa nyie mmeposti bango. Bango halina jina la mtu. Umewaita watu elfu kumi na moja, yaani hujamwita mtu.

#4 Digitali Mzoefu
Shangazi kaongea vizuri ila tatizo la msingi ni la kiufundi. Facebook walibadilisha mitambo yao 2016, wakaanza kutanguliza posti za ndugu na marafiki kuliko za kurasa. Kwa hiyo hao 6,000 ni namba ya ukutani tu, posti yako wanaiona wachache. Insta nayo ni hivyo hivyo, mashine inaangalia mtu kakaa sekunde ngapi kwenye posti yako. Bango lenye maandishi mengi mtu anapita nalo kama kibao cha "usikojoe hapa". Hameni WhatsApp. Kasoro yake kundi linaishia watu 256.

#5 Msomaji Kimya
Nyongeza moja na sahihisho moja kwa #4. Mbali na hilo la 2016, Zuckerberg mwenyewe alitangaza tena Januari 2018 kwamba Facebook itatanguliza ndugu na marafiki. Na WhatsApp waliondoka kwenye 256 mwaka 2022, wakaenda 512, mwaka huo huo wakafika 1,024. Pia kuna ile huduma ya kuunganisha makundi kadhaa chini ya mwavuli mmoja, na tangu 2023 kuna chaneli, mmoja anatangaza, wafuasi wanasoma.

Naendelea kusoma.

#6 Digitali Mzoefu
Nimepokea mkuu. Hoja ibaki.

#7 Mama Wawili
Nami nichangie kwa yangu. Mwanangu wa pili ana seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tuna kundi letu la wazazi, lilianzishwa na asasi moja ya Temeke, tuko kama 300. Insta wanayo pia, sijaifungua mwaka mzima.

Niwape usiku mmoja mjue kundi ni nini. Saa nane usiku mtoto analia miguu, kashika pajani hataki kuguswa. Baba yake yuko safarini Tunduma. Nikarekodi ujumbe wa sauti, nalia mwenyewe bila kujijua, nikautupa kundini. Sikutegemea mtu. Haikufika dakika mbili nikaona "anarekodi...", mama mmoja wa Mbagala, sijawahi kumwona kwa macho. Akaniuliza maswali kama muuguzi: ana homa? Anapumua vizuri? Kanywa maji leo? Nikapima, 38.6. Akasema mama, ukishaona homa usingoje kupambazuke, beba mtoto nenda hospitali sasa hivi, mwenye seli mundu homa si ya kuchezea. Wa tatu akaandika "mie niko Mtoni kwa Azizi Ali, mume wangu ana bajaji, tuma lokesheni". Alikuja, nauli hakuchukua.

Sasa Kijana wa Mfereji, hao watu hawakuja kwa sababu ya bango. Walikuja kwa sababu na wao saa nane usiku wameshalia. Ninyi mnaopenda mfereji usafishwe, nani kati ya wafuasi wenu maji yanaingia kwake? Huyo ndiye mwanachama. Aliyeko Mbezi Beach anakupigia makofi tu.

#8 Konda Mstaafu
Dada hapo #7 umenikalisha kimya. Mtoto anaendeleaje?

#9 Mama Wawili
Mzima, asante. Yuko darasa la tatu, anasumbua kama wengine.

#10 Bando la Buku
Mnazunguka. Tatizo ni bando. Mimi nikiweka la buku natumia WhatsApp na ligi basi. NGO inaweka video ya dakika sita, mkurugenzi anaanza na "awali ya yote napenda kuchukua fursa hii". MB zangu zinakwisha hajafika kwenye awali ya pili.

#11 Mhamiaji wa NGO
Hahaha #10. Nimefanya kazi kwenye asasi tatu hapa mjini, nikacha, sasa nauza vifaa vya umeme Kariakoo na nalala vizuri. Nitasema ambalo wengi mnalijua hamsemi: kurasa za NGO nyingi haziandikwi kwa ajili yenu. Zinaandikwa kwa ajili ya mfadhili. Ndiyo maana ziko kwa Kiingereza, ndiyo maana kila picha ni watu wamesimama mstari nyuma ya bango lenye nembo nne. Robo ya mwaka ikiisha unaandika "tumewafikia watu 240,000", unapiga picha skrini, unabandika kwenye ripoti, bajeti inapita.

Ofisi moja niliyokuwepo tuliwahi kununua wafuasi. Nasema kweli. Elfu tano, kwa hela ya chakula cha mchana cha semina. Majina yote ya nchi sizijui. Bosi akafurahi, akaturushia pongezi kwenye kikao. Siku tumeitisha mdahalo wa vijana Manzese, vimejaa viti vya plastiki vitupu. Kwa hiyo mwanzisha uzi, hao 11,400 ni wenu au ni wa mtangulizi wako?

#12 Kijana wa Mfereji
#11 umenitia baridi. Nimeingia kuangalia sasa hivi. Kuna kama elfu mbili hivi walioingia wiki moja ya 2021, hawana picha, hawana posti. Mtangulizi wangu yuko Dodoma siku hizi, nitampigia.

Ila hata tukiwatoa hao, tisa elfu na ushee wanabaki. Wako wapi?

#13 Kandambili za Jangwani
Wako kwenye mpira mkuu. Angalia Yanga na Simba, zote mbili zilianza kabla babu yako hajaoa, 1935 na 1936, na matawi yake mpaka leo yana kadi, yana mwenyekiti, yana ugomvi wa mwenyekiti. Tawi likisema Jumamosi tunakwenda kumzika mwenzetu Chanika, basi linajaa. Hakuna aliyewafundisha "ushirikishwaji wa jamii".

#14 Shangazi wa Sinza
Kwanza mkae kimya nyie wa Jangwani, mlichofanya juzi hatujasahau.

#15 Kandambili za Jangwani
Shangazi tuzungumze taka kwanza, hiyo mada ina uzi wake 😂

#16 Mwalimu wa Zamu
Nakubaliana na #13 kwa sehemu. Lakini mnachanganya. Tawi, harusi, msiba, hivyo ni vitu ambavyo jamii ilikuwepo kabla, simu imekuja kurahisisha tu. Swali la mwanzisha uzi ni kujenga pale ambapo hakuna. Hilo ni gumu zaidi, na mfano wa harusi haulijibu.

#17 Shangazi wa Sinza
Mwalimu, nimesema nusu siwajui. Msiniwekee maneno.

#18 Pasta Kijana
Mbona nje wameweza bila kujuana? Ile ya kujimwagia ndoo ya barafu walichangisha hela za kansa dunia nzima, kwa video tu.

#19 Msomaji Kimya
Haikuwa kansa. Ni ALS, ugonjwa unaoua polepole mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Ni majira ya joto ya 2014, chama cha ALS cha Marekani kilipata dola milioni 115. Watu walikejeli kwamba ni kiki tu, lakini 2016 watafiti walitangaza jeni moja inayohusika, NEK1, na sehemu ya gharama za utafiti huo zilitoka kwenye hizo ndoo.

Ila mkuu angalia ilivyofanya kazi: unamwagiwa, halafu unataja majina ya watatu. Mnarudi kwa Shangazi #3, majina.

#20 Digitali Mzoefu
Na baada ya hapo? Ndoo zilikwisha, watu wakaenda kwenye mambo mengine. Hiyo ni harambee, si jamii. Kuchangisha na kukaa pamoja ni vitu viwili.

#21 Binti Ramani
Habari zenu. Nimechelewa, nilikuwa kazini. Nina mfano wa hapa hapa Dar, na wa watu wasiojuana.

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Ardhi, pamoja na wenyeji wa mitaa, walipita wakichora ramani ya OpenStreetMap, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Mifereji, vichochoro, visima, mahali maji yanapotuama. Mimi nilikuwa mwanafunzi. Viatu vyangu viliisha Tandale.

Ninachokumbuka si ramani. Ni mzee mmoja aliyetushika mkono akatupeleka nyuma ya nyumba yake, akatuonyesha ukutani mstari wa tope, juu ya kitasa cha mlango. "Hapa ndipo yalipofika." Yale ya Desemba 2011. Tukapima kwa futi kamba, tukaandika. Wiki iliyofuata tukamwonyesha kwenye simu nyumba yake iko kwenye ramani. Aliita majirani wote. Kuanzia siku hiyo kila tukipita anatuuliza "mmeshaweka na ule mfereji wa kule?" Hakuwa mfuasi, alikuwa msimamizi wetu.

Estonia nako 2008 walikuwa hivyo. Kabla ya kuitisha usafi, watu wa kujitolea waliingiza kwenye ramani ya mtandaoni majalala yasiyo halali zaidi ya 10,000. Siku ilipofika wakatoka watu kama 50,000, kwa nchi yenye watu milioni moja na laki tatu hivi. Siku ya Usafi Duniani ya kila Septemba ilizaliwa kutokana na hiyo. Mtu aliyeripoti jalala lake mwenyewe lazima aje kuona likiondolewa.

Kwa hiyo Kijana wa Mfereji, kabla ya kuita watu wabebe koleo, waombe picha ya mfereji ulioziba karibu na kwao. Ni kazi ya sekunde kumi. Halafu ujibu kila picha, kwa jina.

#22 Kijana wa Mfereji
Kila picha? Dada niko peke yangu, na nusu ya siku naandika ripoti.

#23 Mhamiaji wa NGO
Ndiyo hapo sasa. #22 umejibu swali lako mwenyewe. Mfadhili analipia "uzalishaji wa maudhui", halipii mtu wa kujibu komenti saa tatu usiku.

#24 Mwalimu wa Zamu
Bado nina shaka na #21. Mzee wa Tandale hakuonyeshwa ukuta wake na mtandao. Alishikwa mkono. Miguu ndiyo iliyofanya kazi, ramani ikafuata.

#25 Binti Ramani
Sikatai mwalimu. Viatu nimevitaja.

#26 Wakili wa Kijiweni
Samahani naingilia. #7 kataja kundi la wazazi wa watoto wagonjwa. Mjue tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na tume yake ipo. Habari za afya ni taarifa nyeti. Asasi ikimuunganisha mtu kwenye kundi la ugonjwa bila kumuuliza, namba yake inaonekana na wote 300, na kila mmoja anajua ana nini. Na picha za watoto mnazoposti "mwanafunzi tuliyemsaidia daftari" bila idhini ya mzazi, siku moja mtaitwa.

#27 Mama Wawili
Wakili unasema kweli na ilitutokea. Aliingia mtu kwa jina la mzazi, kumbe muuza mafuta "yanayomaliza seli mundu". Akachukua namba zetu, akatupigia mmoja mmoja. Mama mmoja alitoa laki mbili, akamsimamishia mtoto dawa za kliniki, na mtoto akalazwa. Admini akaliaga kundi kwa aibu, tukamrudisha kwa kumbembeleza. Siku hizi mpya anapigiwa simu kwanza, anaulizwa mtoto anahudhuria kliniki gani na siku gani. Hakuna muuza mafuta anayejua siku za kliniki.

#28 Msomaji Kimya
Kwa wenye hofu hiyo: kwenye chaneli, wafuasi hawaonani namba. Kwenye ule mwavuli wa makundi pia, ukumbi wa matangazo huwaficha wanachama wenzao namba zao. Lakini kwenye chaneli huwezi kulia saa nane usiku mtu akakujibu. Ni kuchagua.

#29 Bando la Buku
Mmesahau hela. Mimi siku moja nilitaka kuchangia watoto wa kituo fulani, nimeweka namba, linakuja jina la mwanaume binafsi. Nikafuta. NGO ina usajili, ina mhuri, ina gari, inashindwa kuwa na Lipa Namba yenye jina lake?

#30 Konda Mstaafu
Mimi nilituma. Jina lilikuja la mwanamke, nikasema huyu hawezi kuwa mwizi. Mpaka leo.

#31 Shangazi wa Sinza
😂😂 Konda!

#32 Pasta Kijana
Na mjumbe wa shina je? Mbona hakuna aliyemzungumzia. Mwanzisha uzi kasema alikuja kudai kibali. Huyo ana spika, ana daftari la kaya, anajua nani kafiwa. Huyo ndiye mtandao wa kijamii.

#33 Kijana wa Mfereji
Pasta hilo nimelifanyia kazi. Niurudishe uzi nyuma kidogo.

Jana nilimfuata mjumbe kwake. Alikuwa amenuna, akasema "mnatuletea bango kwenye simu, sisi huku hamtuambii". Tukanywa kahawa ya mia mbili, akalegea. Ana kundi la WhatsApp la shina, watu 87, linatumika kutangaza maji yakikatika na mbuzi wakipotea. Miaka miwili niko hapa sikulijua. Kaniingiza. Ujumbe wa kwanza niliokuta ni wa yule mama wa ukingoni, kumbe simu anayo, ni Insta tu hana. Kaposti picha ya makoleo yetu, kaandika "hawa watoto wamekuja saba, tumewaaibisha".

Nikafuata ya #21 humo humo. Nimeomba picha za mfereji. Mpaka asubuhi zimekuja 23, na mbili za choo cha jirani, hizo ni ugomvi wao binafsi. Nimejibu zote kwa jina. Saa tano usiku nilikuwa bado najibu, mke wangu anauliza ni nani huyo.

#34 Digitali Mzoefu
Safi. Lakini watu 87 utawaandikaje kwenye ripoti karibu na 240,000?

#35 Mhamiaji wa NGO
Hilo swali ndilo lililonipeleka Kariakoo.

#36 Mwalimu wa Zamu
Na tusijipongeze mapema. Picha 23 si makoleo 23.

#37 Kandambili za Jangwani
Jumamosi saa ngapi? Niko Mabibo, si mbali.

#38 Kijana wa Mfereji
Saa moja asubuhi, nyuma ya soko. Mjumbe atapita na spika Ijumaa jioni. Ukija ulizia kwa mama wa ukingoni, makoleo yamelala kwake.

#39 Shangazi wa Sinza
Weka orodha hapa ya wanaokuja. Namba, jina, koleo au toroli. Mie niandike namba moja, naleta chai na maandazi. Koleo sishiki, mgongo.

#40 Konda Mstaafu
2. Konda, toroli.
Fulana zipo? Mie navaa XL.